Majembe Manane Chini ya Karanga

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuuza majembe. Ilikuwa Kahama, miaka michache baada ya uhuru, katika duka la tajiri mmoja wa Kihindi aliyeuza kila kitu kuanzia sindano hadi baiskeli. Mimi ni Msumbwa wa upande wa Ushirombo. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la nane, nikajua kuandika na kupiga hesabu, lakini tajiri hakunichukua kwa ajili hiyo. Alinichukua kwa sababu wateja wake wengi Kiswahili kiliwaishia kwenye salamu, nami nilisema Kisumbwa cha nyumbani na Kisukuma cha sokoni.

Jembe tuliloliuza sana lilikuwa na alama ya korongo. Ndege huyo aligongwa kwenye chuma chenyewe, karibu na mkia wa jembe unaoingia kwenye mpini, amesimama kwa mguu mmoja, na bapa lote lilipakwa rangi nyekundu. Mkulima hakuhitaji kusoma. Alitembea kutoka Ushetu, akafika kaunta akasema, "Mayu, nipe igembe la ndege," yaani mama, nipe jembe la ndege, basi. Kisha alilining'iniza kwa kidole na kuligonga kwa kijiwe alichokuja nacho mfukoni, huku ameinamisha sikio. Likilia vizuri alitabasamu. Lisipolia nilimletea lingine, na lingine, mpaka sakafu inajaa majembe na tajiri anaanza kukohoa kule ndani.

Kila mwaka kabla ya mvua alikuja wakala wa majembe hayo na gari lenye kipaza sauti juu. Alikwenda mnadani, siku ya mnada wa ng'ombe, akaweka jembe juu ya mawe mawili kama daraja, halafu akamwita mtu mnene kuliko wote apande. Jembe lilibonyea kidogo, likarudi, na watu wakapiga vigelegele. Alipomaliza aligawa picha za korongo, na wiki ile nzima ungezikuta zimebandikwa kwa ugali kwenye milango ya watu.

"Binti," aliniambia siku moja, akinywa chai kwenye kaunta yetu, "mteja akishaijua alama, hata ukilala mchana atakuja kukuamsha."

Nilimwamini. Nilikuwa msichana, na niliona fahari kuuza kitu ambacho watu walitembea siku mbili kukifuata.

Wa kwanza kuacha kuja alikuwa huyo wakala. Biashara ya jumla ilikuwa imechukuliwa na serikali, na majembe sasa yalitoka kwenye ghala la mkoa, Shinyanga mjini. Tajiri wangu alikwenda kupanga foleni huko kama wengine, akarudi na robo ya alichoomba, na mara nyingine akarudi na viberiti tu. Halafu ikaja amri ya kufunga maduka ya watu binafsi, ili kila kijiji kiwe na duka lake. Asubuhi ile watu wawili waliingia dukani na kuanza kuandika kila kilichokuwa rafuni. Tajiri alikaa juu ya gunia la chumvi. Mkewe alimletea chai, naye akaipokea akaimwaga yote mapajani mwake. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima, mwenye mali, akiogopa namna ile. Niliona haya kumtazama, nikajifanya nafuta mizani.

Wakati huo nilikuwa nimeshaolewa. Tulirudi upande wa kwetu, katika kijiji kipya ambacho nyumba zake zilipangwa kwa mistari, watu wakiwa wamehamishwa kutoka kwenye miji yao ya zamani. Kijiji kikajenga duka la tofali za udongo karibu na ofisi. Kwenye mkutano mwenyekiti wa kijiji, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kuamrisha na shamba zuri la tumbaku, alininyooshea kidole.

"Huyu mama amesimama nyuma ya kaunta Kahama. Mwingine anayejua bei ya chumvi kuliko yeye asimame."

Hakusimama mtu. Ndivyo nilivyopata funguo.

Miaka ya mwanzo haikuwa mibaya. Lori la mkoa lilikuja kila baada ya miezi miwili mitatu, likashusha sabuni, chumvi, mafuta ya taa, vitenge, na majembe. Korongo alikuwa bado yupo, ila sasa alikuwa ameteremsha mguu wa pili. Nililigundua hilo siku ya kwanza nilipofungua kifurushi, kwa sababu nilikuwa nimemtazama ndege yule kwa miaka. Watu walisema majembe hayo siku hizi yanatengenezwa humu humu nchini. Sijui. Nilichojua ni kwamba mteja hakuchagua tena. Hakugonga wala kusikiliza. Alipokea aliloletewa, akaweka kidole gumba kwenye karatasi, akaondoka haraka kabla mtu hajabadili mawazo.

Kisha hata hayo yakakauka. Mwaka mmoja lilikuja lori bila jembe hata moja. Mwaka uliofuata halikuja lori. Majembe yaliyokuwa mashambani yaliliwa na udongo mpaka yakabaki mapana kama kiganja, na wanawake walilima wameinama zaidi na zaidi kwa sababu chuma kilikuwa kimekwisha. Upande wa Geita dhahabu ilikuwa inaita watu. Wanaume waliacha pamba na tumbaku wakaenda kuchimba, na huko nako walihitaji majembe. Mume wangu alikwenda pia. Aliandika barua mbili, halafu akanyamaza. Baadaye nilisikia ana mji mwingine kule Chato, na watoto. Kwangu na kwa watoto wetu wanne hakurudi.

Siku moja alifika dukani mtu kwa baiskeli, amevaa koti la jeshi lililochakaa, viatu vimepakaa tope jeupe la mashimo ya dhahabu. Alitazama rafu tupu akacheka.

"Mama, yakija majembe, nitunzie. Mwamba unakula jembe kwa wiki moja. Taja chochote unachotaka. Sukari, khanga, redio."

"Majembe ya kijiji ni ya kijiji," nilimwambia.

"Aaa, mama. Usinijibu kama mkutano."

Aliondoka akipiga mluzi. Nilifunga mlango wa duka na kukaa sakafuni kwa muda. Si kwamba alinitishia. Niliogopa kwa sababu nilikuwa nimeanza kufikiria ile khanga.

Lori lilikuja mwaka huo mvua zikiwa zimeshakolea, wakati wa kupanda viazi. Lilishusha majembe hamsini, na kijiji chetu kilikuwa na kaya zaidi ya mia tatu. Umati ulikusanyika mbele ya ofisi tangu asubuhi. Sikuwahi kuona watu wa kwetu wakisukumana hivyo. Wazee walivunja heshima, mama mmoja aling'atwa mkono. Mwenyekiti alisimama juu ya meza akasoma orodha iliyotoka kwa mabalozi wa nyumba kumi. Yalikuwa majina ya wakuu wa kaya, na wakuu wa kaya walikuwa wanaume. Mjane hakuwemo. Mke wa aliyekwenda machimboni aliambiwa asubiri mumewe. Walisomwa wanaume arobaini na wawili waliokuwepo, wakachukua, na kwa wanane mwenyekiti alisema watakuja kesho, wako safarini. Wote wanane walikuwa machimboni, na kila mtu alijua hilo.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, niliyabeba yale manane kutoka dukani hadi nyumbani kwangu ndani ya kapu, nikatandaza majani ya viazi juu yake. Sikumwuliza mtu. Niliyaingiza ndani ya kihenge, nikayafunika kwa karanga ambazo hazijamenywa. Nilikuwa nimeshajua ni ya nani. La kwanza ni la jirani yangu, mjane mwenye watoto watano na jembe lililobaki kama kijiko. Mengine ni ya wanawake sita niliowahesabu mmoja mmoja huku nikitembea. La nane ni langu. Nilidhani nitasubiri wiki mbili, kelele zitulie, nigawe kimya kimya.

Hata wiki haikuisha. Redio ya ofisini ilitangaza kwamba taifa limeingia vitani na walanguzi. Wenye kuficha bidhaa watakamatwa, wakubwa kwa wadogo. Mwanzoni watu walifurahi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi mbele ya ofisi, na nikiwa napiga makofi nikakumbuka kihenge changu, nikaishusha mikono.

Habari zilifika kwa waliotoka Kahama. Fulani amechukuliwa, fulani ametoroka na kuacha duka wazi. Halafu zikasogea. Muuzaji wa duka la kijiji cha pili, mwanamume niliyekuwa nakutana naye ghalani, alipandishwa kwenye Landrova amefungwa mikono kwa kamba ya katani, kwa sababu ya katoni tatu za sabuni chini ya kitanda. Mkewe alilikimbilia gari mpaka mtoni. Asubuhi iliyofuata tulikwenda kuchota maji kwenye lambo la ng'ombe tukakuta povu jeupe limetanda juu ya maji, na ng'ombe wamesimama ukingoni wanakataa kunywa. Mtu alikuwa ametupa sabuni yake. Tulijaza mitungi yetu, povu likipasuka taratibu, kila mmoja akiogopa kumtazama mwenzake.

Siku zile sikuweza kula. Nikisikia gari mbali kule barabarani, nilikimbilia chooni hata mara tano kwa siku. Mbuzi walipopita nyuma ya nyumba nilidhani ni viatu vya mgambo. Niliingia ndani kila mara kukitazama kihenge. Nilikitazama mpaka nikaona kama kimevimba, kama mtu yeyote akiingia tu atajua. Niliwaza kuyatupa mtoni. Mara mbili nilitoa karanga, nikashika jembe moja, nikaona ule wekundu wake, nikarudisha. Ningeutupaje ulimaji wa watu wanane? Niliwaza pia kwenda kwa mwenyekiti niseme yote. Lakini mwenyekiti mwenyewe siku hizo alikuwa haangalii mtu usoni, nami sikujua kwa nini.

Ikaja asubuhi ambayo mtoto wa balozi alipita akisema kikosi cha msako kimelala kijiji cha pili na leo ni zamu yetu. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Nilikwenda mbio kwa jirani yangu mjane. Alikuwa anachochea uji.

"Dada," nilimwambia, "ninayo majembe manane. Yako ndani ya karanga."

Alinitazama, mwiko mkononi. Nilifikiri atanifukuza.

"Mapya?"

"Mapya. Moja lako."

Akaweka mwiko chini. "Jembe halifichwi nyumbani," akasema. "Jembe linafichwa shambani, likiwa linalima."

Nilimtajia wale sita, akapita kwao mwenyewe. Kabla umande haujakauka tulikuwa wanane kwenye shamba lake la viazi kule bondeni, tumebeba mipini yetu ya zamani na majembe mapya chini ya majani. Kila mmoja alichukua jiwe akaanza kukwangua rangi. Ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Rangi ile tuliyoisifu Kahama kwamba haitoki, kweli haikutoka. Vidole vilivuja damu. Tulipaka tope, tukakwangua, tukapaka tena. Halafu ilibidi kuwasha moto, kwa sababu mkia wa jembe lazima uwe mwekundu ndipo upite kwenye kichwa cha mpini. Moto katika majani mabichi ukatoa moshi mzito, mweupe, ukapanda moja kwa moja juu ya bonde. Nilijaribu kuupepea kwa khanga utawanyike. Mama mmoja alianza kulia kwa sauti ndogo, na jirani yangu akamwambia, "Lia huku unakwangua."

Tulikuwa tumeshapanga mstari, tunainua matuta, tuliposikia injini ikizimwa kule juu. Kikosi kilikuwa kimekuta duka limefungwa na kikaambiwa muuzaji yuko shamba kwenye moshi. Walishuka watatu: mkuu wa msako, mtu wa makamo mwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi, na mgambo wawili. Tuliendelea kulima. Mimi sikulima, nilikuwa nazamisha tu jembe kwenye udongo na kuogopa kulitoa, kwa maana rangi unaweza kuikwangua lakini upana wa jembe jipya huwezi. Majembe yote ya kijiji yalikuwa kama viganja. Yetu yalikuwa kama sinia.

"Hamjambo akina mama."

"Hatujambo. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Muuzaji wa duka ni nani?"

"Ni mimi."

"Inueni majembe."

Hakuna aliyeinua. Mgambo mmoja akachomoa jembe la jirani yangu kutoka ardhini, akalipeleka kwa mkuu wake. Yule mkuu alilifuta tope kwa kidole gumba, akaligeuza, akamwona korongo.

"Haya mmeyapata wapi?"

Jirani yangu ndiye aliyejibu, mikono kiunoni, kana kwamba anaulizwa habari za mvua.

"Ya mahari, baba. Kwetu zamani walioa kwa majembe. Mama zetu waliyaweka juu ya dari. Tumeyatoa sasa kwa sababu dukani hakuna."

Ilikuwa kweli kwamba zamani watu wa kwetu walioa kwa majembe, na kweli kwamba wazee wengine waliyaweka. Mkuu wa msako alilitazama jembe tena. Nilijua anachokitazama: miguu miwili ya korongo, yote chini. Majembe ya mama zetu yalikuwa na mguu mmoja. Kama alikuwa mtoto wa mkulima, kama mama yake alilima na jembe la ndege, angejua.

"Muuzaji," akaniita. "Wewe unayajua majembe. Haya ni ya zamani?"

Kitu cha moto kilinitiririka mguuni mpaka kwenye tope. Sikuweza kukizuia. Nilikuwa mama wa watoto wanne, msomi wa masista, nimesimama mbele ya wanaume najikojolea.

"Ya zamani," nikasema.

Aliangalia miguu yangu, kisha akaangalia pembeni. Sijui mpaka leo kama aliona haya kwa niaba yangu, au alijua yote na akachoka. Alimpa mgambo lile jembe alibebe. "Hili tutakwenda nalo," akasema. "Na wewe mama twende ofisini."

Nilipanda kilima nyuma yao nikiwa nimejifunga khanga ya pili juu ya ile iliyolowa. Ofisini alitaka hati ya lori na orodha ya waliopewa. Alisoma polepole. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye benchi ukutani, jasho linamtoka ingawa asubuhi ilikuwa na baridi.

"Yaliyoshushwa hamsini. Waliochukua arobaini na wawili. Manane yako wapi?"

Mwenyekiti alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. Nilikuwa nimeamua kusema. Nataka msomaji aamini hivyo, ingawa siwezi kuthibitisha. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini mlango ulifunguliwa kwa kishindo, mgambo akaingia amekumbatia katoni.

"Mkuu! Kwenye bani la mwenyekiti, mle anamokaushia tumbaku! Ziko sabuni, iko sukari, imefunikwa majani ya tumbaku!"

Mkuu wa msako aligeuka kumtazama mwenyekiti, akafunga ile orodha. "Basi," akasema, "na majembe tumejua yalikokwenda."

Nilifunga mdomo. Mwenyekiti hakujitetea. Walimfunga mikono, wakampandisha nyuma ya Landrova, akakaa sakafuni kando ya jembe la jirani yangu. Mkewe alitoka akipiga yowe, na watu wakasimama kwenye milango yao, wengine wakifurahi. Gari liliondoka. Nilibaki na funguo za duka mkononi, nikasikia mtu ananipa pole kwa usumbufu nilioupata.

Baada ya siku hiyo hofu haikuondoka, ilibadilika tu. Mwanzo niliogopa watarudi na lile jembe, watakuwa wamekuta mtu anayejua habari za mguu wa korongo. Halafu nilianza kuogopa kwamba hawatarudi kabisa, na mwenyekiti atakaa huko kwa ajili ya majembe yaliyokuwa yanainua matuta yangu ya viazi. Jumapili nilikwenda kanisani lakini sikupokea komunyo. Padri aliniona nimebaki kwenye benchi wiki baada ya wiki, na siku moja aliniuliza kama ninaumwa. Nilisema ndiyo. Jirani yangu, ambaye alipoteza jembe lake, nilimpa langu.

Mwenyekiti alirudi baada ya miezi mingi, karibu na mavuno yaliyofuata. Sikwenda siku ya kwanza wala ya pili. Siku ya tatu nilibeba viazi kwenye kapu nikaenda. Alikuwa amekaa juani mbele ya nyumba, kichwa kimenyolewa, mabega yamekuwa madogo kama ya mtu mwingine.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Mimi si mwenyekiti tena. Kaa."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakapotea yote, nikasema tu, "Yale manane nilichukua mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Dada yangu alilima na moja. Ulidhani sina macho?" Kweli, dada yake alikuwa mmoja wa wale wanawake; mumewe alikuwa machimboni kama wangu.

"Mbona hukusema?"

Alichezea kipande cha kijiti. "Sabuni ilikuwa yangu," akasema. "Na majembe yangu mawili nilishampa mtu wa baiskeli. Lakini usije ukafikiri nilinyamaza kwa wema. Niliogopa. Niliona nikifungua mdomo kwa neno lolote, wataniuliza la pili, na la tatu. Nilinyamaza kama ulivyonyamaza wewe. Hofu ilikuwa moja."

Nililia pale chini. Yeye hakulia. Alimwita mkewe apokee viazi.

Miaka miwili mitatu baadaye mambo yalifunguka. Watu binafsi waliruhusiwa kufanya biashara tena, na bidhaa zikaja kana kwamba zilikuwa zimesimama mpakani zinasubiri. Duka la kijiji lilikaa tupu mpaka mchwa wakala rafu. Sasa majembe yalimwagwa chini mnadani, juu ya magunia, ya kila alama: tembo, nyota, samaki, na korongo wengine ambao hata macho hawakuwa nayo, chuma chao kikipinda kwenye mzizi wa kwanza. Aliyekuwa mwenyekiti aliuza ng'ombe wawili akaanza biashara hiyo hiyo. Alinifuata nyumbani.

"Njoo tuuze wote," aliniambia. "Mimi sijui zuri wala baya. Wachimbaji wananirudishia yaliyopinda na kunitukana."

Nilimwambia nitafikiria. Sikulala vizuri wiki nzima, lakini siku ya mnada nilikwenda.

Tulitandika magunia yetu kati ya muuza mitumba na mama wa vitumbua. Nilikuwa nayapanga majembe, mazuri mbele, nilipoona buti nyeusi zimesimama ukingoni mwa gunia. Nilipandisha macho taratibu: suruali ya kaki, mkanda, kofia. Askari. Sikumbuki nilivyoinuka. Nilijikuta nimechuchumaa nyuma ya lori la ng'ombe, nimeshika tairi kwa mikono miwili, na ng'ombe wananikojolea karibu na bega. Nilikaa huko mpaka mama wa vitumbua akaja kunitafuta.

Niliporudi askari alikuwa ameondoka. Mwenyekiti wa zamani alikuwa anafunga fundo la pesa kwenye leso.

"Alitaka nini?" nikamwuliza.

"Jembe. Mkewe analima mpunga." Akanitazama usoni, na nadhani aliona yote. Hakucheka. "Kaa," akasema. "Hata mimi nilipomwona nilishika nguzo ya banda la vitumbua."

Nikakaa. Mikono ilikuwa bado inatetemeka, nikaificha chini ya khanga. Mteja aliyefuata alikuwa msichana mwenye mtoto mgongoni, anatazama majembe bila kujua aanzie wapi. Nilimwuliza analima udongo gani, wa mfinyanzi au wa kichanga, na alipoanza kunieleza nikatoa mikono yangu nje, nikaanza kumchagulia.